Pantoni, Daraja, Bwawa: Niliyoyaona Rufiji

Abiria wa siku hizi huvuka Rufiji akiwa amelala. Anapanda basi Mbagala, Dar, alfajiri, akifika Kibiti anashtushwa na kelele za wauza korosho, anasinzia tena, akija kuamka yuko Nangurukuru anatafuta choo. Mto mkubwa kuliko yote Tanzania ameshaupita na hana habari. Simlaumu. Daraja la Mkapa lina urefu wa karibu kilomita nzima, lakini kwa dereva mwenye haraka hapo ni dakika moja tu.

Mimi ni mzaliwa wa Ikwiriri, upande wa kaskazini wa mto, na utotoni nimeshinda sana Ndundu, pale pantoni lilipokuwa likivusha magari. Mama alikuwa akiuza chakula kivukoni. Baadaye nikawa utingo kwenye malori ya korosho, nikapanda nikawa dereva, nikaipiga barabara ya kusini mpaka mgongo ukanikatalia. Sasa nimerudi bondeni kulima. Kwa hiyo nimekuwa msubiri wapitaji na nimekuwa mpitaji mwenyewe. Nililojifunza kwa pande zote mbili ni kwamba karibu kila kitu kikubwa kilichojengwa Rufiji kimejengwa kwa ajili ya mtu wa kwingine, na kazi yetu sisi wa hapa imekuwa kujipanga upya kukizunguka. Silisemi kwa kununa. Mengine yametufaa kweli.

Nianze na pantoni, maana vijana wa leo wakisimuliwa huona tunatia chumvi.

Pantoni lilikuwa chombo cha chuma kinachobeba magari machache kwa mkupuo, na foleni haikuwa na mwisho. Maji yakipungua lilikwama kwenye fungu la mchanga katikati ya mto. Yakijaa lilishindwa kutia nanga kwa sababu gati lenyewe lilikuwa chini ya maji. Injini nayo ilikuwa na siku zake. Jioni kazi ikifungwa, aliyechelewa alilala alipo. Mabasi ya Lindi, Mtwara, Kilwa na Masasi yalijipanga kandokando ya barabara, abiria wakashuka, wakatandika kanga chini. Ng'ambo ya pili nako hali ilikuwa hivyohivyo.

Basi hapo ndipo palikuwa soko letu. Mama na wenzake walipika wali kwa perege wa kukaanga na kambale wa nazi, wengine vitumbua, wengine uji. Usiku ulikuwa wa chemli na koroboi, na utani usiokwisha. Mmakonde, Mmwera, Myao na Mndengereko walikaa mkeka mmoja kwa sababu hakukuwa na pengine pa kukaa. Habari za kifo cha mtu wa Newala tulizijua Ndundu kabla ndugu zake wa Temeke hawajazipata. Barua zilipita mikononi mwetu. Kuna ndoa nazijua mimi zilizoanzia kwenye foleni ile, na kuna watoto pia, tuseme hivyo tu.

Lakini nisiwe kama wazee wanaosifia kila kilichokufa. Mama huyohuyo aliyesomesha watoto kwa wali wa kivukoni ndiye anayekumbuka wajawazito waliofikishwa ukingoni usiku, pantoni limefungwa, mwenye mtumbwi haoni vizuri, na mto una mamba na viboko. Wengine walivuka salama. Wengine hawakuvuka. Ukimuuliza kama angependa pantoni lirudi, anakutazama tu.

Masika makubwa yakija, kama ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, kusini ilikuwa kisiwa. Mwenye uwezo alipanda meli ya Mtwara bandarini Dar, asiye na uwezo alingoja. Ndiyo maana mtu wa Dar alikuwa akiuhesabu mto wetu kuwa mpaka: kutoka hapo kwenda mbele ni kusini, mahali pa kwenda kama umehamishiwa kikazi na huna mjomba wizarani. Sisi tulibaki hatujulikani tuwekwe wapi. Kiserikali tumo Mkoa wa Pwani, lakini Kariakoo niliitwa mtu wa kusini, na Lindi niliitwa mtu wa Pwani.

Hata hivyo, pantoni na mabasi si vitu vya kwanza kutuhamisha. Bibi yangu mzaa mama hakuzaliwa Ikwiriri. Alizaliwa bondeni kabisa, kwenye kinundu cha ardhi ambacho mafuriko ya kawaida huzunguka bila kukifunika. Waliishi na maji. Mvua ikinyesha Iringa na Njombe, Kilombero na Ruaha Mkuu hujaa, na siku kadhaa baadaye Rufiji hufurika huku kwetu hata kama mbingu ni nyeupe. Mpunga ulipandwa kabla ya maji kupanda ili urefuke pamoja nayo yakija. Maji yakishuka, mwezi wa sita hivi, waliingia kwenye tope jipya na kupanda mahindi na mboga. Hicho ndicho kilimo cha mlau: hakihitaji mvua wala mbolea, kinategemea unyevu na rutuba iliyoachwa na mto.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa kupita kiasi. Serikali ikaleta chakula cha msaada, kisha mwaka uliofuata ikaja operesheni ya kuhamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu. Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kuhamishwa kwa namna ile. Sababu zilizotolewa zilikuwa shule, zahanati, maji safi na barabara, na kweli vingi vilikuja. Bibi alihama. Lakini ardhi ya juu ni mchanga, inafaa korosho na mihogo, mpunga haina. Kwa hiyo watu walihamisha nyumba, mashamba yakabaki bondeni. Mpaka leo msimu ukifika familia inagawanyika: wazee na wanafunzi wanabaki kijijini, wengine wanashuka kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko.

Bondeni bado imesimama miembe iliyojipanga kama ua wa nyumba ambayo haipo. Bibi alipokuwa hai aliweza kukuonyesha: huu wa fulani, ule wa fulani. Ninapomsikia mtu akisema Ikwiriri ni mji wa asili wa Wandengereko, hucheka kimoyomoyo. Ikwiriri ninayoijua imejazwa na operesheni na barabara.

Daraja lilipofunguliwa 2003, likapewa jina la rais aliyekuwepo, Benjamin Mkapa, mtu wa Masasi aliyekuwa akiijua adha ile kwa miguu yake. Fedha zilitoka kwa mikopo ya Kuwait na Mfuko wa OPEC pamoja na za serikali yetu. Watu walicheza ngoma. Mama alienda kutazama akiwa amevaa kanga mpya, na jioni ile akaanza kukusanya masufuria yake Ndundu, kwa sababu hakuwa mjinga.

Alihamia barabarani Ikwiriri akitumaini mabasi yatasimama. Yalisimama kidogo mwanzoni, halafu madereva wakazoea kulisha abiria Kibiti au Nangurukuru. Sijui nilaumu nini hapo, kwani mimi mwenyewe nilipokuja kushika usukani nilikuwa nampita mama yangu kwa honi. Tajiri anataka mzigo ufike.

Wenye akili ya haraka walijiokoa upande mwingine. Kina mama walianza kupeleka samaki na mchele Mbagala na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo zamani lilikuwa safari ya kuaga. Vijana wakaanza kuishi mguu mmoja Ikwiriri, mwingine Mbagala. Lafudhi zikabadilika, bei zikabadilika. Kambale ambaye alikuwa chakula cha maskini akapanda gari, akawa wa mjini.

Kusema kweli daraja lilikuja nusu. Kutoka hapo kwenda Somanga kuna kipande cha kilomita 60 ambacho kilichukua takriban miaka kumi baada ya daraja ndipo kikapata lami kamili. Ulivuka mto kwa dakika moja, kisha ukalala Muhoro kwenye tope. Ujana wangu wa utingo umeishia pale. Gari likizama mpaka ekseli, unashuka na jembe, unakata matawi, unaweka chini ya matairi, na vijana wa kijiji wanakuja kwa bei. Wapo waliosema vijana hao walikuwa wakimwaga maji usiku ili tope lisikauke. Sijawahi kumwona anayemwaga, ila sijawahi pia kuona biashara ile ikikosa tope.

Muhoro yenyewe ni mahali pazito, ingawa basi halikuambii. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya dawa ya kuzuia risasi, Agosti 1905, vita ya Majimaji ikiwa ndiyo kwanza imewaka kutokana na kulazimishwa kulima pamba. Tulikuwa tukinasa pale na malori ya korosho, tunatukana mvua, na wazee waliokuja kutusukuma walikuwa wajukuu wa watu waliopewa ile dawa.

Kulikuwa na upande mwingine wa daraja ambao haukusemwa siku ya ngoma. Njia inayopitisha korosho hupitisha pia magogo. Miaka ile ya mwanzo niliona malori yakitoka misitu ya Rufiji na Kilwa yamebeba mninga, mkongo na pangapanga, mengine usiku bila taa za nyuma. Miti iliyokuwa imelindwa na ugumu wa njia ikakosa mlinzi. Kuanzia 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu kule Mbeya, wengi walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, na ng'ombe wakaonekana katika bonde ambalo wazee wetu hawakuwahi kufuga kwa sababu ya ndorobo. Wasukuma na Wamang'ati wakawa majirani. Kumekuwa na ugomvi wa mashamba, mwingine wa damu, na kumekuwa pia na maziwa sokoni na plau za ng'ombe mashambani. Binamu yangu amemwoa binti wa Kisukuma. Watoto wao wanaongea Kindengereko kibovu na Kisukuma kibovu zaidi.

Nikiwa dereva niliwahi kupelekwa na mzigo mpaka Mombasa, nikapata nafasi ya kuingia Fort Jesus. Pale nje nikakuta mzinga, na maelezo yake yanasema umetoka kwenye meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kumbe hata Mombasa Rufiji inajulikana, lakini inajulikana kwa meli ya wageni iliyopigwa na wageni wengine. Wakazi wa delta, wanaoishi kwa mpunga, uvuvi wa kamba na mikoko katika msitu mkubwa wa mikoko wa pwani hii ya Afrika Mashariki, hawamo kwenye maelezo yale.

Nikaanza kuangalia majina. Pori kubwa la juu ya mto liliitwa Selous, jina la Mwingereza mwindaji aliyeuawa kwa risasi Beho Beho Januari 1917. Korongo la mto likaitwa Stiegler, Mzungu mwingine. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na bwawa likaitwa Julius Nyerere. Nafurahi kuwaaga Wazungu, na Mwalimu anastahili. Ila hesabu: daraja Mkapa, hifadhi Nyerere, bwawa Nyerere. Mgeni anayetua kwa ndege ndogo kwenye kambi za kitalii kule karibu na Mloka anaweza kukaa siku zake zote, akapiga picha viboko wetu, akaondoka bila kulazimika kutamka Rufiji.

Mara moja tu nakumbuka jina letu likawa midomoni mwa nchi nzima, na afadhali lisingekuwa. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku, vizuizi vikajaa barabarani. Ukifika nyumba ya kulala wageni Dar ukaandika umetokea Kibiti, mhudumu anaangalia kitambulisho mara ya pili. Watu wa barabara hii walizoea kuongea na kila mgeni, maana mgeni ndiye riziki. Kipindi kile walijifunza kunyamaza, na wengine hawajaacha.

Sasa bwawa. Habari zake si za jana. Mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA, iliundwa 1975, na sisi tumekua tukisikia kwamba korongo litazibwa. Likawa neno la ahadi zisizofika: nitakulipa bwawa likijengwa. Mkataba ukasainiwa Desemba 2018 na makampuni ya Misri, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, na maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Ipo tisa, kwa jumla megawati 2,115. Mpwa wangu alimwaga zege kule, akarudi na pikipiki na picha za ukuta ambao nilipouona kwenye simu nilinyamaza. Naunga mkono umeme. Niliendesha miaka mingi katika nchi ambayo gereji inafungwa saa nane mchana kwa kukosa moto wa kuchomelea. Umeme wa bwawa unakwenda kwanza Chalinze kwa njia kuu ya kilovolti 400, unaingia gridi ya taifa, halafu unaturudia na sisi kama wengine. Hilo sioni dhambi, ndivyo gridi inavyofanya kazi.

Kinachonisumbua ni maji. Zamani mkulima wa mlau alisoma mto. Rangi ya maji, takataka zinazoelea, kasi, vyote vilikuwa na maana, na mzee mzoefu alijua kama ni furiko la kupanda juu ya kinundu au la kuishia mashambani. Sasa mto una mkono unaoufungua na kuufunga, na mkono huo uko mbali na unafuata hesabu za mitambo. Si hivyo tu. Maji yakitulia bwawani, tope zito hutua chini hukohuko. Lile tope ndilo lilikuwa mbolea yetu.

Aprili 2024 mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa. Mpunga wangu ulikuwa chini ya maji mpaka ukaoza, na Muhoro watu walitoka nyumbani kwa mitumbwi, wengi wakaenda kujihifadhi Chumbi kwenye mwinuko. Ubishi ukaanza. Wakulima walisema maji yamefunguliwa bwawani. Upande wa serikali ukaeleza kwamba mvua zilizidi, na kwamba bila bwawa kuzuia sehemu ya maji tungeona makubwa zaidi. Nimesikiliza pande zote na nadhani zote zinaweza kuwa na ukweli kwa wakati mmoja: bwawa lililojaa huzuia kiasi, na kinachobaki hutoka kwa milango. Kwa mkulima, tofauti kubwa iko kwingine. Furiko la zamani lilikuwa la Mungu, halina wa kuulizwa. La sasa lina ofisi. Na mtu akishajua kuna ofisi, lazima aulize kwa nini hakupigiwa simu.

Mwezi uliofuata barabara yenyewe ikakatika Somanga. Daraja la Mkapa lilikuwa zima, lami ilikuwa nzuri, lakini kusini ikawa kisiwa tena kwa siku kadhaa kwa sababu ya vijito ambavyo hakuna aliyevijengea sherehe. Nilipigiwa na dereva mwenzangu aliyekwama. Ananiambia kando ya foleni kina mama wameshatokea na masufuria, sahani ya wali kwa samaki imepanda bei kabla ya jua kuzama. Nikamsomea mama ujumbe ule. Akauliza bei. Nilipomtajia akasema wamekosea, siku ya kwanza huongezi, abiria bado ana hela ya nauli mfukoni na anaweza kuamua kurudi. Unaongeza siku ya pili.

Msimu wa mlau uliofuata, shamba langu la bondeni lilikuwa na unyevu upande mmoja, upande wa mwinuko limekauka mapema. Sisi majirani wanne tumekaa tukapiga hesabu ya pampu ya kuvuta maji mtoni. Mjomba anaona ni ujinga kumwagilia shamba ambalo babu zake walimwagiliwa bure. Nimemwambia babu zake hawapo na maji yana ratiba nyingine. Bado hatujakubaliana nani ataitunza pampu, maana ikiachwa kwenye dungu haitaonekana asubuhi, na mafuta ya dizeli lazima yabebwe kutoka barabarani. Mpwa anadai ataibeba kwa pikipiki, kwa malipo ya debe la mahindi kwa kila mtu. Tumemwambia debe ni nyingi.